Matanga ya Mtaa wa Mashine

Dagaa walionyeshewa mvua kabla hawajakauka wana harufu yao peke yao. Si harufu ya kuoza, wala si ile ya dagaa wakavu inayomfanya mtu ameze mate. Iko katikati, nzito kidogo, kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Majuzi jirani yangu hapa Mwanza alianika dagaa uani, mvua ya ghafla ikamkuta yuko sokoni, na ile harufu ilipoingia dirishani kwangu niliacha kuchagua mchele nikakaa tu, ungo mapajani. Nilikuwa nimerudi Tarime, miguu peku, mwanafunzi wa darasa la pili, na watu wazima wa mtaa mzima wanapita mbele yangu wakikimbia.

Mtaa wetu uliitwa Mtaa wa Mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ya kusaga unga. Mhindi mmoja aliijenga zamani za Mwingereza, na wazee walisema kabla ya hapo palikuwa kichaka ambamo fisi walilala mchana bila kusumbuliwa. Watu walijenga wakiifuata mashine. Akaja polisi mstaafu asiyetaka kurudi kwao, akaja fundi cherehani, wakaja wanawake walioachika na kuchoka kuulizwa habari za waume zao. Alikuwepo Bi Zena, Mmanyema, ambaye babu yake aliletwa na Wajerumani akiwa askari, na ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango asubuhi na wa mwisho kukubali kwamba amekosea. Alikuwepo Mzee Wambura, mtu wa kabila la Wanata kutoka upande wa Serengeti, aliyewapikia wazungu wawindaji ujana wake wote na bado alimenya viazi kwa kuzungusha kisu bila ganda kukatika. Tulikuwepo sisi, Wakurya wa Nyamwaga, kwa sababu baba alikuwa dereva wa lori la Idara ya Ujenzi.

Katika wale wakubwa hakuna aliyezaliwa pale. Kila mmoja alikuwa na "kwetu" yake, akiitaja jioni kama mtu anavyotaja chakula ambacho hajala siku nyingi. Sisi watoto tulichukua maneno ya kila nyumba bila kuuliza ni ya nani. Kikurya cha nyumbani kwetu kilimtesa Bi Zena, kwa kuwa Wakurya mama yetu ndiye tunamwita baba, na baba tunamwita tata. Kila niliposema nyumbani, "Baba ananyonyesha mtoto," Bi Zena alishika kiuno na kusema, "Hawa watu wa ng'ombe wana mambo." Humu nitamwita mama, ili nanyi msihangaike.

Mhindi alipoondoka, mashine ilichukuliwa na ushirika. Ikasaga kwa muda, mkanda ukakatika, mkanda mwingine ukaagizwa, nasi tukakua tukiambiwa mkanda uko njiani. Kilichobaki na faida ni paa. Lilikuwa paa kubwa la bati, limesimama juu ya nguzo bila kuta upande wa mbele, na pale ndipo mabalozi wa nyumba kumi walipofanya mikutano, harusi zilipochezwa, na sisi tulipojificha mvua ikinyesha.

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Nyar Suna. Nilidhani hilo ndilo jina lake. Baadaye ndipo nilipojua kuwa ni namna ya Wajaluo ya kumwita mwanamke aliyeolewa: binti wa Suna, na Suna iko ng'ambo, Kenya, kiasi cha kwenda na kurudi kwa siku moja ukiwahi gari. Mume wake, Baba Ochieng, alikuwa fundi baiskeli kutoka Utegi, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kibweta. Nyar Suna alikuwa kinyume chake. Aliuza dagaa mbele ya nyumba, alicheka hadi jino la pembeni likaonekana, na mimi alinipa kazi ya kufukuza kuku, akiniita nyathina, mwanangu, nami nikajiona nina mama wawili. Yeye na mama walichota maji pamoja, walisukana, na mama alipojifungua mdogo wangu wakati baba yuko safari, mikono ya Nyar Suna ndiyo iliyompokea.

Mtu mmoja tu hakuupenda urafiki huo, naye ni bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa akija kutoka Nyamwaga kutusalimia, amebeba ndizi na maneno makali. Miaka michache nyuma watu wa kule walikuwa wamehamishwa kutoka miji yao ya zamani, kila ukoo na boma lake, wakajengewa kijiji kipya, nyumba kwa mstari. "Tumepandwa kama mahindi," alisema, na hakuongeza. Kwa bibi, Mjaluo alikuwa mtu wa upande wa pili wa ng'ombe walioibwa. Kaka zake walipigana nao, na mmoja hakurudi. Nyar Suna alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," bibi akajibu marahaba huku akitazama mlima. Dagaa wake hakuwagusa. Alikula ugali na mboga za majani, akatafuna polepole sana, ili tuone.

Kisha wakubwa wa huko juu walikosana kwa mambo ambayo kwetu hayakufika ila kwa redio, na mpaka wa Kenya pale Sirari ukafungwa.

Mwanzoni sisi watoto tuliona tu kwamba sabuni nzuri imepotea na mafuta ya kupikia yanafichwa. Lakini nyumba ya jirani iliingia kimya. Nyar Suna alikuwa na mama mzee huko Suna, na yeye ndiye binti pekee. Siku moja mtu mmoja wa magendo, aliyepitisha sabuni kwenye njia za panya, alimletea habari kuwa mama yake ameanguka shambani na hainuki. Nyar Suna alikwenda ofisini kuomba kibali, akaambiwa asubiri. Alirudi tena, akaambiwa ombi lake limepelekwa mbele. Alipokwenda mara nyingine hata kiti hakuonyeshwa.

Ndipo mama aliposema atampeleka. Nilikuwepo, nikichambua maharage mlangoni.

"Sisi Wakurya tuko huku na huku," mama alisema. "Nina shangazi ng'ambo ya mashamba. Wakituuliza, nitasema tunakwenda kwa shangazi. Wewe nyamaza tu, usifungue mdomo."

"Na nikiulizwa?"

"Utakuwa unaumwa jino."

Nyar Suna alicheka kidogo, kicheko cha mwisho nilichokisikia kwake kwa siku nyingi. Waliondoka alfajiri wamejifunga khanga za doti moja kichwani, namna moja. Bibi, aliyekuwa ametutembelea, aliachiwa sisi watoto pamoja na mtoto mchanga bila kuelezwa ukweli. Aliambiwa wanakwenda mnadani.

Walirudi kesho yake nyuma ya lori, wamejaa vumbi, na mgambo mmoja ameketi kati yao. Waliyopitia niliyasikia kidogo kidogo, miaka na miaka, maana mama hakuwa mtu wa kusimulia yote kwa mkupuo. Walikuwa wamekaribia kabisa. Waliona bati za ng'ambo ziking'aa. Mgambo wakatokea kwenye migomba, wakauliza, mama akajibu kwa Kikurya, na mkubwa wao, Mkurya pia, akataka kuwaruhusu. Halafu akamgeukia Nyar Suna amsalimie, naye akashika shavu. "Fungua mdomo nione hilo jino," akasema. Alipofungua, hofu ilimtoa salamu kwa Kijaluo.

Yule mkubwa akamwambia mama, "Wewe dada yetu pita. Huyu tutakaa naye."

Mama akaketi chini, palepale njiani. "Basi kaeni nasi wote," akasema.

Wakalala ndani ya ghala la pamba, mama amebanwa na maziwa yaliyojaa hadi kifua kinauma, na mdogo wangu huku Tarime analia kwa njaa mgongoni kwa bibi.

Baba hakupiga kelele. Alikaa nje akisafisha buti ambazo zilikuwa safi. Aliyesema ni bibi.

"Mke wa mwanangu anaacha kinda, analala na mgambo, kwa ajili ya Mjaluo."

Nyar Suna alikuwa amekuja hadi uani kwetu kuomba radhi. Alisikia yote. Mikono imeshikana tumboni, alisema taratibu, "Mama, ni kweli," akarudi kwake. Bibi alimpa mgongo. Mama akamtoa mtoto kwa bibi akaingia naye ndani kumnyonyesha.

Haikupita wiki, yule mtu wa magendo akaja tena. Ilikuwa mchana, wingu limetanda. Nyar Suna alikuwa amepiga magoti akigeuza dagaa juu ya turubai, mimi na fimbo yangu ya kuku. Yule mtu hakuwa na mzigo. Alivua kofia, na nikaona mikono ya Nyar Suna imesimama.

"Mama amelala," yule mtu alisema. "Tulizika Jumapili."

Nyar Suna alipiga yowe moja, akainuka, akaweka mikono kichwani na kukimbia. Alikimbia mtaa mzima kutoka juu hadi chini, akageuka akapanda tena, akimwita mama yake kwa Kijaluo kana kwamba amefungiwa katika mojawapo ya nyumba zetu. Milango ikafunguka. Bi Zena alimkimbilia akiwa na kiatu kimoja. Mama alimkimbilia. Mvua ikaja, matone makubwa, na dagaa wote wakalowa pale turubaini, kwa sababu katika mtaa ule hakuna aliyekumbuka kwamba dagaa wapo.

Walipomfikisha nyumbani likazuka jambo lingine. Wanawake walitaka kutandika mikeka, kuweka matanga. Baba Ochieng akasimama mlangoni, na siku hiyo alisema mengi kuliko kawaida yake.

"Haiwezekani hapa. Kwetu msiba wa mkwe hauliliwi ndani ya nyumba yangu. Binti huenda kwao, hulia akianzia langoni, ndipo anarudi. Tukikiuka, watoto wataumwa."

"Na asipoweza kwenda?" Bi Zena aliuliza.

"Atangoja."

"Angoje hadi lini? Hadi wakubwa wapatane?"

Baba Ochieng hakuondoka mlangoni. Alikuwa anampenda mke wake, hilo nilijua hata mimi. Alikuwa anaogopa. Bi Zena alitazama huku na huku, maji ya mvua yakimtiririka kwenye ushungi, kisha akanyoosha mkono.

"Pale kwenye mashine si nyumba ya mtu. Haina mume, haina mkwe. Tutakaa pale."

Baba Ochieng aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautanguliza mwenyewe hadi chini ya lile paa.

Ndivyo tulivyomwombolezea bibi kizee ambaye hakuna mtu wa Mtaa wa Mashine, isipokuwa binti yake na mkwe wake, aliyepata kumwona vizuri. Sukari ilikuwa ya mgao wakati huo, kila nyumba na fungu lake kutoka duka la ushirika, lakini ile ya uji haikupungua, kila mama akitoa kidogo kwenye pindo la khanga. Baba alileta kuni kwa lori la Ujenzi bila kumwuliza mtu. Mzee Wambura alijifunga aproni aliyokuja nayo kutoka kwa wazungu, akapika maharage katika sufuria la harusi. Watu wa kanisa la Nyar Suna, wale wa kusali Jumamosi, waliimba nyimbo zao, wakinyamaza, Bi Zena na wenzake wakasoma dua, na wazee wa Kikurya walikaa pembeni wamezunguka moto wakisema kwa sauti ya chini, kama wanavyokaa kwa mtu wao.

Mimi nilimtafuta marehemu. Nilichungulia nyuma ya mashine, nikainua magunia, nikazunguka hadi shimo la pumba. Nilirudi nikamvuta mama khanga.

"Marehemu yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Sasa hapa tunamlilia nani?"

Mama alinisogezea bakuli. "Kunywa uji wako," akasema.

Siku ya pili Bi Zena alisema si vizuri kumlilia mtu bila kumjua, akamwomba Nyar Suna atuambie mama yake alikuwa nani. Sauti ya Nyar Suna ilikuwa imekauka, watu wakasogea. Alisema mama yake alifinyanga vyungu, na chungu kikipasuka motoni alikitukana kwa jina la mtu asiyempenda. Aliimba kanisani kwa sauti mbaya sana, na hakuna mchungaji aliyethubutu kumwambia. Mjukuu wake Ochieng alipozaliwa, alikuja Tarime kwa miguu kutoka mpakani, amebeba kuku jike wa zawadi, na kuku huyo alimponyoka hapohapo mtaani. Mzee Wambura akasema, "Nakumbuka. Nilimkimbiza mimi." Watu wakacheka, na yeye Nyar Suna akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na wote tukaenda nacho.

Bibi yangu muda huo wote alikuwa kwenye baraza letu, umbali wa kutupa jiwe, amekaa na kuipa mashine ubavu. Hakuwa amekanyaga matangani. Sasa nilimwona anainuka. Alijifunga shuka upya, akavuka barabara polepole, watu wakampisha kwa sababu hawakujua anakuja na nini. Mama alisimama haraka.

Bibi aliketi chini kwenye mkeka, mbele ya Nyar Suna, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake wenye msiba. Akaanza kulia. Hakulia kwa adabu kama wageni. Alilia kwa mwili wote, akiyumba mbele na nyuma, akisema, "Chacha wane, Chacha wane." Chacha wangu.

Niliona aibu. Nilijua bibi amekosea. Marehemu alikuwa mwanamke, tena Mjaluo, na bibi wa watu anamwita Chacha mbele ya mtaa mzima. Nilitaka kumnong'oneza jina sahihi, mama akanishika bega akanizuia. Nyar Suna alijivuta hadi akafika, akaegemeza kichwa chake penye bega la bibi, na bibi hakujitoa. Walilia hivyo, mmoja kwa Kikurya, mwingine kwa Kijaluo, na hakuna aliyewatafsiria. Baadaye Nyar Suna alichota uji, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi alipokea bakuli akanywa hadi mwisho.

Miaka ilipita kabla mpaka haujafunguliwa. Wa kwanza kupanda gari katika mtaa wetu alikuwa Nyar Suna, na mama alikwenda naye, safari hii kwa njia kuu. Mama aliniambia kwamba karibu na lango la kwao Nyar Suna alisimama, akajitayarisha kulia kama desturi inavyotaka, na kilio hakikuja. Aliingia kimya. Ndugu zake walinuna. Alisimama kando ya kaburi ambalo tayari lilikuwa limeota nyasi, akamwambia mama yangu, "Machozi yake niliyamaliza kwenu."

Mtaa wenyewe haukudumu sana baada ya hapo. Bi Zena alifariki, na wanawe wakauza. Mzee Wambura alirudi kwao Nata akiwa haoni vizuri. Bati za mashine ziling'olewa moja moja, kisha nguzo, na siku hizi pale pana fremu za maduka ya simu na vipodozi. Vijana wanaokaa mle hawajui jina la Mtaa wa Mashine, na sioni kwa nini wangelijua.

Bibi alikufa nikiwa nimeshaanza kazi. Tulimzika Nyamwaga, kwenye kile kijiji cha nyumba za mstari. Tulipokuwa tumekaa tukisubiri mwili, tukasikia mtu analia tokea mbali barabarani, kwa lugha isiyo yetu. Alikuwa mwanamke mzee, anatembea kwa fimbo, mkono mmoja kichwani. Wajomba wa baba walitazamana.

"Yule Mjaluo anamlilia nani hapa?" mmoja aliuliza.

Mama alikuwa tayari ameinuka kwenda kumpokea. "Ni mwenzake marehemu," alisema. "Mpisheni njia."

Jioni ile, wageni walipopungua, nilimuuliza mama swali nililokuwa nalo tangu darasa la pili: kwa nini siku ile bibi alikosea jina. Mama akashangaa kwamba sikujua. Chacha alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi, kaka ya baba, aliyekufa kwa surua akiwa ameanza kusema. Walimzika kando ya nyumba, katika mji wao wa zamani, na bibi alizoea kufagia pale kila asubuhi kabla hajaenda kisimani. Siku ya kuhamishwa walipewa muda wa kubeba vyungu na vitanda tu, nyumba zikatiwa moto nyuma yao ili mtu asirudi. Mwaka uliofuata eneo lile likawa shamba la kijiji, trekta likapita. Bibi aliporuhusiwa kwenda kuangalia, hakuweza kuona ni wapi. Aliambiwa asilie, maana ni mambo ya maendeleo na wote wamehama, si yeye peke yake. Naye hakulia, hadi alipokaa kwenye mkeka wa Nyar Suna.

Nimewaza sana juu ya jambo hilo. Bi Zena hakujua babu yake alizikwa wapi. Polisi mstaafu hakutaja kwao bila kukohoa kwanza. Mzee Wambura aliacha wafu wake kwenye ardhi ambayo baadaye ilifanywa hifadhi ya wanyama. Mimi nilizunguka nyuma ya mashine nikiinua magunia, nikimtafuta maiti mmoja, na nikasikitika kwamba watu wazima wanalia bila kuwa na mtu wa kumlilia. Kumbe chini ya paa lile kila mtu alikuwa amekuja na wake.